Kujitolea Si Kinga: Anayepuliza Sumu Uwanja wa Shule Awe na Cheti

SEHEMU YA 1: BOMBA LA JUMAMOSI

Leo nesi wenu sina somo la chanjo wala la uji wa lishe. Leo nina maoni, na najua wapo ambao hawatayapenda. Ni marefu, nimeyakata sehemu nane. Soma hata kama unanyonyesha au unasubiri maharage yaive, utamaliza tu.

Maoni yangu ni haya: mtu ambaye hajafundishwa na hana cheti asibebe bomba la kupulizia sumu kwenye eneo la watu wote. Namaanisha shule, zahanati, soko, stendi, makaburini, kando ya barabara ya mtaa. Hata kama hadai senti. Hata kama ni kijana wetu mzuri tunayemfahamu tangu anatambaa, au ni mzazi mwenzetu kwenye kamati ya shule.

Mnakumbuka Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru ziliposimamishwa nchi nzima ikashika mafagio kwa sababu ya kipindupindu. Baada ya hapo tukazoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa siku ya usafi. Mimi mtu wa afya siwezi kuipinga siku hiyo. Mitaro ikizibuliwa na taka zikiondoka, wodini tunapumua.

Ila kuna kitu kimeingia taratibu. Watu wanafyeka, jua linawaka, mmoja anasema, "Jamani, kwa nini tujitese? Mimi nina bomba nyumbani, nipulizie tu dawa ya majani." Wote wanashangilia. Saa moja baadaye uwanja mzima umelowa, na Jumatatu asubuhi watoto wanaupiga mpira juu yake. Hakuna anayejua ilipulizwa nini, kiasi gani, wala nani alisoma kibandiko.

Na lugha yetu imetuponza kidogo. Kinachoua majani tunaita dawa. Kinachoua mbu, dawa. Na Panado ninayompa mwanao akichemka, nayo dawa. Ukisikia "wamekuja kupuliza dawa" moyo unatulia, kumbe ungesikia "wamekuja kumwaga sumu" ungeshamwita mwanao ndani. Wataalamu wanaita viuatilifu. Mimi kwenye mfululizo huu nitaita sumu, ili tuelewane tunazungumzia nini.

SEHEMU YA 2: SUMU HAIJUI NANI ANALIPWA

Fundi wa kampuni akija kupuliza ofisini kwako, unategemea awe na kibali, nguo za kazi na barakoa. Akija kijana wa kujitolea amevaa ndala na fulana ya kampeni, tunampa maji baridi na kumwambia Mungu akubariki. Kwa nini tofauti hiyo? Dawa iliyo ndani ya bomba ni ile ile na ngozi ni ile ile.

Niwape mfano mmoja wa wodini, bila kutaja mtaa wala shule, maana lengo si kumwaibisha mtu. Tulipokea kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nguvu zake, hajawahi kulazwa. Asubuhi alikuwa amejitolea na wenzake kupulizia madarasa yaliyojaa viroboto. Walichotumia ni sumu ya wadudu wa nyanya iliyobaki shambani kwa mtu. Bomba lilikuwa linavuja mgongoni, naye akaendelea tu ili wamalize mapema. Jioni analetwa na bodaboda. Jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo, mate hayakatiki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inacheza yenyewe, kifua kinakoroma. Tulimwogesha, tukamwekea oksijeni, daktari akaanza atropini, tukakesha naye. Alipona.

Kesho yake mke wake akaja kumwona, ana mtoto mchanga mgongoni. Katika mazungumzo akasema ile fulana alishaifua, kwenye beseni moja na nepi za mtoto. Ilibidi mtoto naye tumlaze chini ya uangalizi. Yule dada alikuwa amefua nguo za mumewe tu, kama afanyavyo kila siku, na hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo nguo zilikuwa na sumu.

Hapo ndipo unaona kwamba kujitolea kwa mtu mmoja kunaweza kugusa familia nzima ambayo haikujitolea. Na kuna jambo jingine tunalisahau. Mfanyakazi aliyeajiriwa akiumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anauchangia. Aliyejitolea Jumamosi hana mwajiri wa kumchangia. Akiumia, anayelipa ni mama yake, kwa kuuza kuku.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema, "Huyu anajitolea tu, tusimbane na masharti," mjibu hivi: kwa kuwa anajitolea, ndiyo maana anastahili kulindwa kuliko wote.

SEHEMU YA 3: KWA NINI MTOTO NDIYE ANAUMIA ZAIDI

Fanya jaribio hili usiku wa leo. Mwanao wa mwaka mmoja au miwili akilala, weka mkono kifuani umhesabie pumzi kwa dakika moja. Kisha jihesabie wewe. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi kama 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa umri huo anafika 24 hadi 40. Maana yake, mkikaa wote wawili kwenye hewa yenye sumu, mwanao anavuta nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake.

Ngozi vile vile. Ukilinganisha na uzito wake, mtoto ana ngozi nyingi kuliko wewe, na sumu nyingi za kupulizia hupenya kwenye ngozi hata bila kidonda. Wewe unapita uwanjani umevaa viatu. Yeye anakaa chini, anatambaa, anachimba udongo, anaokota embe lililoanguka analifuta kwenye kaptula na kulila. Mkono unakwenda mdomoni mara ngapi kwa saa? Mama unajua mwenyewe, huna haja ya mtafiti.

Halafu ini lake na mfumo wake wa fahamu bado vinajengwa. Kiasi ambacho mtu mzima atapata nacho kichwa kuuma tu, mtoto anaweza kulazwa nacho. Na wewe mjamzito unayepita njia hiyo kwenda kliniki, kumbuka uko na mtu wa pili asiyeweza kukimbia.

Sisemi haya ili mkaogope kila jani lililokauka. Nasema ili mjue kwa nini uwanja wa shule si sawa na shamba la mtu. Shambani, mwenye shamba anajua amepuliza lini na anaweza kuzuia wanawe wasiingie. Uwanja wa shule, mwenye kujua ni mmoja na wanaoingia ni mia tano. Ndiyo maana masharti ya eneo la wote yanapaswa kuwa makali kuliko ya shamba binafsi.

SEHEMU YA 4: CHETI KIMAANISHE NINI

Najua mnachowaza. Cheti gani? Nchi hii mtu ananunua karatasi, anaitundika ukutani, basi. Sitaki karatasi ya ukutani. Nataka cheti kinachomaanisha kwamba huyu mtu anaweza kufanya mambo haya mbele ya macho yetu.

Kwanza, anasoma kibandiko na kukielewa. Chini ya vibandiko vingi kuna ukanda wa rangi. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote. Inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Na kijani haina maana kwamba ukinywa utapona, ina maana tu hatari yake ya papo kwa papo ni ndogo kuliko nyingine. Kama kibandiko kimechanika au kimeandikwa lugha ambayo hakuna anayeisoma, mtu mwenye cheti anakataa kutumia. Anakataa hata kama wenzake wanamcheka.

Pili, anapima. Hamimini kwa kizibo cha soda "kwa makadirio." Sumu ikizidi haiui majani kwa haraka zaidi, inabaki tu ardhini na kwenye miguu ya watoto.

Tatu, anajua kutazama upepo, na anakagua bomba kwa maji matupu kabla hajatia sumu. Linavuja? Kazi imeahirishwa. Yule kijana niliyewasimulia angeepushwa na dakika mbili za kukagua.

Nne, anavaa gambuti, glovu zisizopitisha maji, nguo ndefu, miwani na barakoa inayofaa. Kanga iliyozungushwa puani si barakoa. Akimaliza anaoga kwa sabuni, nguo zinafuliwa peke yake, na anamwambia mke au mama yake zina nini.

Tano, anajua muda wa kusubiri. Kibandiko husema watu wakae mbali kwa muda gani baada ya kupuliza. Kuna sumu za saa 12, za saa 24, za saa 48. Huyu ndiye anayemwambia mwalimu mkuu, "Mwalimu, uwanja ufungwe mpaka Jumatatu mchana," na mwalimu anamsikiliza kwa sababu amesomea.

Sita, na hili naomba mlisome mara mbili: anajua la kufanya na chombo kilichobaki tupu. Hakiachi shuleni na wala hampi mama lishe kuwekea mafuta. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Chakula kilikuwa na monokrotofosi, sumu ya wadudu wa shambani, na uchunguzi ulielekeza kwenye mafuta ya kupikia yaliyowekwa kwenye chombo kilichowahi kuwa na sumu hiyo. Watoto 23, kwa wali na maharage ya soya. Shule ile ilikuwa ya kijiji, kama zetu.

SEHEMU YA 5: "MTAWAKATISHA TAMAA VIJANA"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kila nikizungumza, na ina uzito, siipuuzi. Wanasema: vijana wenyewe ni wa kubembeleza, ukiwaambia waende mafunzo watakimbia. Cheti kina gharama, na mtaa hauna hela. Mwisho wa siku majani yataota hadi madirishani, nyoka wataingia darasani, utasema nini wewe nesi?

Nitasema tutenganishe kazi. Jembe, fyekeo, reki, mikono, kung'oa magugu, kufukia madimbwi: hivyo havihitaji cheti, na ndiyo kazi tisa katika kumi za usafi. Kila mtu aje. Bomba tu ndilo lenye masharti. Katika watu arobaini wa Jumamosi, wanaotakiwa kuwa na cheti ni wawili. Je, mtaa mzima unashindwa kusomesha watu wawili?

Na msiniambie kwamba watu wa kawaida hawafundishiki, maana nchi hii imeshafanya hivyo. Kumbukeni dawa-ukoko. Kuanzia mwaka 2007 mkoani Kagera, nyumba zilipuliziwa ukutani kuzuia malaria, kisha kazi ikaenea mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa. Waliobeba mabomba walikuwa watu wa vijiji hivyo hivyo. Lakini walifundishwa kwanza. Walivalishwa. Walipimiwa sumu asubuhi na kuhesabiwa jioni. Familia iliambiwa itoe vyakula na vyombo nje, isubiri saa mbili, ifungue madirisha, ifagie, ndipo iingie. Na miongozo ya kazi ile inataka mwanamke apimwe ujauzito kabla ya kuajiriwa kupuliza, na mjamzito au anayenyonyesha asishike sumu kabisa. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya ukuta wa nyumba moja. Iweje uwanja wa watoto mia tano usistahili hata nusu ya uangalifu huo?

Mfano mwingine, Dar es Salaam. Mwaka 2006, kwenye kata za Buguruni, Mikocheni na Kurasini, wakazi wa mitaa walianza kunyunyiza viuadudu vya kibaiolojia kwenye madimbwi ili kuua viluwiluwi vya mbu, kwa posho ndogo tu. Hii ni aina isiyo kali kwa binadamu ukilinganisha na sumu za shambani, na bado walifundishwa na kusimamiwa, kila mmoja na eneo lake na daftari lake. Kazi ilienda. Tena kijana anayefundishwa anajiona anathaminiwa. Kinachomkatisha mtu tamaa ni kuumwa halafu akasahaulika.

SEHEMU YA 6: SHERIA ZIPO, TUZISHUSHE MTAANI

Sijasema hatuna sheria. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyoanzisha TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, makao yake Arusha, ikachukua kazi za iliyokuwa TPRI. Hao ndio wanaosajili viuatilifu na kutoa vibali kwa wauzaji na kwa wanaofanya biashara ya kupuliza. Kazi yangu si kuwafundisha kazi yao. Ombi langu ni kwamba kwenye uwanja wa umma swali lisiwe "analipwa au halipwi?" Swali liwe "amefundishwa au hajafundishwa?"

Tutazame wenzetu kidogo. Marekani, viuatilifu vikali vilivyowekewa mipaka haviruhusiwi kutumiwa na mtu yeyote tu. Lazima awe na cheti au awe chini ya mwenye cheti, na kanuni za mwaka 2017 zikaweka umri wa kuanzia miaka 18, isipokuwa kwa nafuu fulani za familia kwenye shamba lao. Jimbo la California limekwenda mbali zaidi kwa shule. Anayepuliza kiuatilifu shuleni anatakiwa apate mafunzo kila mwaka, na mwalimu anayepulizia mende darasani naye yumo. Bango la onyo linawekwa saa 24 kabla ya kupuliza na linakaa mpaka saa 72 baada ya kupuliza. Mzazi anayemleta mtoto asubuhi analiona getini. Bango, mama zangu! Ni kipande cha mbao na rangi.

Lakini niseme ukweli wote, cheti peke yake si ngao. Huko huko California, mji wa Benicia, Dewayne Johnson alikuwa ameajiriwa kutunza viwanja vya shule, na kazi yake ilikuwa pamoja na kupuliza dawa ya majani yenye glaifoseti. Zaidi ya mara moja vifaa viliharibika akalowa. Mwaka 2014 akagundulika ana saratani ya mfumo wa limfu. Mwaka 2018 baraza la mahakama likaamua alipwe dola milioni 289 na mtengenezaji wa dawa hiyo, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa hadi dola milioni 20.5. Wanasayansi bado wanavutana. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema mwaka 2015 kwamba glaifoseti huenda inasababisha saratani, wakati mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema haielekei kusababisha. Mimi si wa kuamua ugomvi huo. Ninachojifunza ni kwamba hata dawa inayouzwa kama ya upole, usiipulize mahali ambapo jembe lingetosha.

SEHEMU YA 7: TUOMBE NINI KWENYE MKUTANO

Sasa tuache kulalamika. Mkutano wa wazazi ujao, au mkutano wa mtaa, nenda na mambo manne haya. Andika kwenye simu yako.

1. Jembe kwanza. Uwanja wa shule, zahanati na chekechea zifyekwe kwa mkono. Sumu iwe ya mwisho, kwa sababu inayotajwa, na kwa kibali cha maandishi cha mwalimu mkuu au mganga mfawidhi.

2. Bomba liwe la mwenye cheti, aliyetimiza miaka 18. Wanafunzi wasibebe bomba, wasichote maji ya kuchanganyia, wasioshe vifaa. Hili halina mjadala. Mafunzo yatolewe kwenye kata, kwa Kiswahili, bila malipo kwa aliyejitolea, na afisa kilimo na afisa afya wakae meza moja. Yawe ya siku chache na yaishie kwa kupuliza maji uwanjani mtu akiangaliwa, yasiishie kwenye karatasi ya maswali.

3. Bango na taarifa. Siku moja kabla, kwenye geti na kwenye grupu la wazazi: jina la sumu, siku, saa, na lini watoto wanaruhusiwa kurudi.

4. Daftari. Nani alipuliza, nini, kiasi gani, wapi. Siku mtoto akiletwa kwetu anatapika, daftari hilo linaweza kutuokolea saa nzima ya kubahatisha.

Fedha zitatoka wapi? Glovu, gambuti, miwani na barakoa za watu wawili ni mzigo ambao mtaa unaochangia mwenge na sherehe unaweza kuubeba. Na kama kweli haiwezekani kununua, basi jibu liko wazi: mtaa huo usipulize, ufyeke.

Usiende kwa ugomvi. Walimu wetu wamechoka, na wengi wanatafuta tu njia ya kuondoa majani. Mfuate pembeni, "Shikamoo mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Wiki iliyopita uwanja ulipulizwa. Ni dawa gani, na aliyepuliza amefundishwa wapi?" Swali hilo kwa heshima, likiulizwa na mama mmoja, linaweza kusahaulika. Likiulizwa na akina mama kumi, linaingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Na kijana wako akijitolea, mkague kabla hajatoka. Akiwa na ndala, mrudishe. Akikuambia "mama unanidhalilisha," mwambie nesi kasema.

SEHEMU YA 8: WAKATI CHETI HAKIPO NA MTOTO AMESHAGUSA

Sheria zitachukua muda, na mwanao anaenda shule kesho. Kwa hiyo chukueni na hili.

Dalili za kutilia shaka baada ya eneo kupuliziwa: kutapika, kuharisha, mate na machozi mengi, jasho jingi, mboni ndogo sana, misuli kucheza, kupumua kwa shida, kusinzia kusiko kwa kawaida, degedege. Zingine huanza baada ya saa kadhaa, usiseme "angekuwa amedhurika tungeshaona."

Imemgusa ngozi: mvue nguo zote, mwogeshe kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na kucha. Wewe vaa glovu, au hata mifuko ya nailoni mikononi, usije ukaugua naye. Imeingia machoni: maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, bila kitu kingine. Amevuta hewani: mtoe nje, mlegeze nguo.

Amemeza: usimtapishe. Narudia, usimtapishe. Sumu nyingi hivi zimechanganywa na mafuta yanayoweza kuingia mapafuni akitapika. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi, wala mkaa wa jikoni uliosagwa. Najua bibi alisema maziwa. Bibi alitupenda, ila kwa sumu hizi maziwa hayaondoi kitu na yanaweza kuongeza matapishi. Kama amelegea, mlaze ubavu wa kushoto, mbebe, njoo hospitali sasa hivi. Usisubiri kupambazuke.

Na njoo na kile chombo, kimefungwa kwenye mfuko, au picha ya kibandiko kwenye simu. Tiba zinatofautiana. Atropini inayomwokoa mtoto wa sumu moja haina kazi kwa sumu nyingine. Jina likijulikana, tunaanza mara moja.

Nimemaliza mama zangu. Kama shuleni kwenu tayari kuna utaratibu mzuri, andika hapo chini mnafanyaje, wengine tuige. Kama umekuwa ukipuliza mwenyewe kwa nia njema, wala sikulaumu, njoo uulize swali, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. Na kama una kaka au mdogo wako kwenye kikundi cha usafi, mtumie Sehemu ya 4 na ya 8 leo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi haiko mbali.